Bidoni ya Kitambaa Chekundu

Asubuhi ya Jumatatu samaki wa Délice aligoma kuwa samaki. Alikuwa amelala ubavu juu ya maji kama jani lililoanguka, kinywa chake kikifunguka na kufungika hewani, kana kwamba ana neno la kusema na kila mara kuna mtu anamkatiza.

"Mama! Kuja uone! Iko nakufa!"

Mama Pudentienne alikuwa anavaa jile yake, kizibao cha buluu cha kazi. Alikuja mbio, mkono mmoja ndani ya jile na mwingine nje, akainamia bakuli la kioo lililokaa juu ya kabati la vyombo, kando ya sanamu ya Bikira Maria. Alimtazama samaki kwa macho yale yale aliyowatazamia wagonjwa wa mtaa.

"Anaharisha?"

"Mama, ni samaki. Iko mu maji. Nitajua namna gani?"

"Macho yake imeingia ndani?"

"Macho yake iko inje siku zote. Njo vile banaiumba."

Mezani, baba wa nyumba, Frédéric, aliweka kikombe chake cha chai chini. "Minye nimekula samaki ya hii ziwa tangu sijaota meno," alisema. "Hata siku moja sijasikia muntu anauliza kama iko naharisha."

"Papa, usicheke. Jumamosi banakuja!"

Hapo Frédéric aliacha utani, kwa sababu Jumamosi hata yeye ilikuwa inamtia baridi. Wiki mbili nyuma, Patient, kijana wa Kamanyola anayeuza vifaa vya simu na anayemtaka Délice, alivuka bonde zima la Ruzizi ndani ya teksi, amepakata mfuko wa plastiki uliojaa maji. Ndani ya mfuko mlikuwa na samaki wa rangi ya machungwa, mwenye ukubwa wa kidole gumba. Wachumba wengine huleta mbuzi, au hata kreti ya soda. Frédéric aliupokea mfuko, akautazama juu na chini, akauliza kwa heshima, "Na zingine ziko wapi?"

Samaki alitoka kwa Tantine Claudette, shangazi aliyemlea Patient, mwenye saluni ya nywele na chupa kubwa ya samaki wa mapambo mbele ya kioo cha wateja. Yeye ndiye angekuja na ujumbe wa wakwe siku ya Jumamosi. Na Patient, katika furaha yake, alikuwa amemnong'oneza Délice kitu ambacho hakupaswa kukisema: "Tantine anataka aone kama unaweza kutunza kitu chenye hakiwezi kulia. Anasema mutoto analia, bwana analalamika, lakini samaki inakuangalia tu."

Tangu siku ile Délice hakupata usingizi mzuri. Samaki naye, inaonekana, alikuwa hapati.

"Hii ni ugonjwa ya maji," Mama Pudentienne alitoa hukumu, akimaliza kuingiza mkono wa pili ndani ya jile. "Nabadilisha maji yake asubuhi na mangaribi, na klore natia. Sasa nitaongeza klore."

"Tuulize Patient?" alisema Frédéric.

"Hapana!" Délice alilia. "Muntu yoyote asimupigie Patient!"

Basi wakaongeza klore.

Kituo cha Mama Pudentienne hakikuwa jengo. Kilikuwa meza moja, mwavuli uliopasuka na chupa ya klore, dawa ya kuua vijidudu vya maji, pale mtaani Kimanga, mjini Uvira, wanawake wanapoteremka ziwani kuchota. Kila bidoni, yaani dumu la maji, iliyotoka majini ilipita kwake. Alivuta dawa kwa sirinji, akaiingiza ndani ya bidoni, akasema maneno yale yale: "Ungoje nusu saa, njo ukunywe." Hakuwa na mshahara. Alikuwa na jile, kipande cha sabuni mara moja moja, na jina: mtaa mzima ulimwita Mama Klore, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu hawakuwa na la kufanya.

Asubuhi ile jirani yake Abigaïl, anayeuza maziwa yanayoshuka kutoka milima ya juu, alijaribu kupita nyuma ya mwavuli, bidoni kichwani.

"Mama Abigaïl! Weye! Unaenda wapi na kipindupindu ku kichwa?"

"Dada yangu, maziwa iko ku jua, itaharibika. Leo tu uniache. Ni maji ya kuosha vyombo."

"Na ile vyombo, nani anakulia mo? Mbuzi?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Abigaïl alisimama, shingo imenyooka chini ya mzigo, akitumaini kwamba jambo lingeishia kwenye kicheko. Halikuishia hapo. Mama Pudentienne aliishusha bidoni, akaifungua, akamwaga maji yote mchangani mbele ya watu. Yalichukua muda kuisha. Hakuna maji yanayoisha polepole kama yale unayomwagiwa huku unatazamwa.

Mvuvi mmoja, Thaddée, aliyekuwa anashona wavu wake pembeni, alipiga makofi. "Mama Klore! Siku ingine utatia klore mu ziwa yote, tuanze kuvua ndagala zenye kunuka hospitali!"

Abigaïl alichota upya, akapita mezani, akapokea dawa yake, akaondoka bila kuaga. Mama Pudentienne alimsahau baada ya bidoni mbili. Abigaïl hakusahau.

Kila jioni Patient aliomba picha ya samaki. Délice alikuwa na picha moja nzuri, iliyopigwa siku samaki alipokuwa bado na afya. Aliituma siku ya kwanza ya ugonjwa. Siku ya pili aliituma tena, ameifanya iwe na mwanga zaidi. Siku ya tatu aliikata upande mmoja. Simu ikalia.

"Chérie, samaki iko bien?"

"Iko bien sana."

"Na inzi iko bien?"

"Inzi gani?"

"Ile yenye inakaa ku mudomo ya bakuli. Juzi ilikuwa hapo, jana ilikuwa hapo, leo iko hapo. Nayo munaitunza?"

Délice aliitazama picha. Nzi alikuwepo kweli, mnene, ametulia ukingoni kama mwenye bakuli.

"Ni... ni inzi ya hapa kwetu. Imezoea."

"Ah, sawa. Tantine anafurahi sana. Anasema samaki yake imetulia."

Délice alikata simu, akajifunika uso kwa kitenge, akalia. Juu ya kabati, samaki alikuwa ametulia kuliko Tantine alivyoweza kuwaza.

Alhamisi mchana Frédéric alichoka na harufu. Sebule yake ilinuka kama chumba cha sindano. Mkewe na bintiye walikuwa wametoka, kwa hiyo alilibeba bakuli hadi uani, akaliweka mwishoni mwa benchi lake la useremala, chini ya ukingo wa bati, akarudi kupiga randa kitanda cha mteja. Alimwambia samaki, "Kaa hapa upate hewa, mugeni," kisha akatazama nyuma kuona kama kuna aliyesikia.

Mvua ilishuka kutoka milimani bila kubisha hodi, kama ilivyo desturi yake Uvira. Frédéric aliokoa mbao. Kisha akaokoa viatu. Alipomkumbuka samaki, maji ya bati yalikuwa yanamiminika moja kwa moja ndani ya bakuli, bakuli limejaa hadi linafurika, na samaki alikuwa anazunguka ndani yake kwa kasi, mkia ukipiga huku na huku.

Mama Pudentienne na Délice waliporudi walimkuta mwanaume mzima amesimama kwenye mvua, ameloa hadi mifupa, amefunika bakuli kwa viganja viwili ili mgeni asichukuliwe na mkondo.

"Iko nacheza!" alipiga kelele. "Muone! Iko nacheza!"

Délice aliruka ruka kwenye tope. Lakini mama yake hakumwona samaki. Aliona maji: rangi ya chai, kipande cha kutu na majani mawili.

"Mana yanje! Maji ya ku bati! Munataka kumuua?"

Akayamwaga yote. Akaweka maji safi ya kituo, na juu yake, kwa huruma, dawa ya kutosha. Kabla Délice hajamaliza kuwasha makaa kwenye mbabula, samaki alikuwa amelala ubavu tena, matamvua yake mekundu kama yamepakwa pilipili.

Watatu walisimama kuzunguka bakuli. Frédéric alikuwa bado anadondosha maji sakafuni.

"Mama Délice," alisema polepole, "nitasema kitu moja. Usinipige."

"Sema."

"Mu ile maji chafu, ilikuwa nacheza. Mu hii maji safi, iko nakufa."

"Klore haiue muntu."

"Minye sisemi muntu."

Mama Pudentienne aliketi kwenye kigoda. Mwaka wa ugonjwa mkubwa, kabla hakujawa na meza wala mwavuli pale ziwani, alimbeba kitinda mimba wake mgongoni hadi hospitali, akarudi na kitenge kitupu. Tangu siku ile hakuna tone lililopita mlangoni kwake bila dawa. Mumewe na bintiye walilijua hilo kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kusema kile ambacho macho yao yalikuwa yameanza kukisema peke yake.

Alitoa sirinji mfukoni. Aliitazama muda mrefu, kisha akamtazama samaki.

"Njo minye," alisema.

"Hatukusema vile, Mama," Délice alinong'ona.

"Njo minye nasema. Niko nauwa samaki ya mutoto yangu na mukono yangu." Akainuka ghafla. "Kulibakia maji ya mvua ku sufuria? Leta! Leta na majani yake!"

Ijumaa jua liliwaka kama vile halijawahi kusikia habari za mvua. Maji ya sufuria yalikuwa yamechafuka. Samaki alikuwa amesimama wima, akiinama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayeanza kutoka kitandani na kushika ukuta. Alihitaji maji, na maji yasiyo na klore yalikuwa sehemu moja tu.

Mama Pudentienne alimaliza kazi yake ya asubuhi. Alivua jile, akaikunja, akaisukuma ndani kabisa ya kikapu, utadhani hakutaka nguo ile ione. Hakwenda upande wa kituo. Alipita mbali, nyuma ya matete, mahali ambapo hakuna anayechota, akajaza bidoni, akajitwika, akageuka.

Abigaïl alikuwa amesimama njiani na bidoni yake tupu.

"Mama Klore."

"Mama Abigaïl. Bonjour."

"Sirinji iko wapi?"

Mama Pudentienne alitafuta uongo, akakuta hana hata mmoja wa karibu. "Ni maji ya samaki," alisema.

"Ya samaki."

"Samaki ya Délice. Iko mugonjwa. Klore inamuchoma."

Kutoka ndani ya mtumbwi uliokuwa nyuma ya matete, kichwa cha Thaddée kiliinuka taratibu. "Ati nini? Mama Klore anapelekea samaki maji?" Alisimama wima, mtumbwi ukayumba. "Bantu ya Kimanga, mukuje muone! Ziwa yote hii samaki imejaa mo, yeye anabeba maji ku kichwa, anaenda kukunywesha moja ku nyumba!"

Watu walikuja. Watu wa Kimanga hawahitaji kuitwa mara mbili. Mwanamke mmoja aliuliza, "Ni samaki ya namna gani?"

"Ya rangi."

"Ya kukula?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

Mama Pudentienne alifikiri. Shingo ilikuwa inamuuma, jasho lilikuwa linaingia machoni, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ikishika mzigo. "Ni ya bakwe," alisema mwishowe. "Banakuja kesho."

Vicheko vya wanawake vilipungua. Wengi wao walikuwa na wakwe.

Abigaïl peke yake hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alimsaidia kutua bidoni. Kisha mkono wake ukabaki juu ya kifuniko, na kila mtu akaelewa, hata Thaddée.

"Ulimwanga maji yangu," alisema Abigaïl.

"Ndiyo."

"Mbele ya bantu."

"Ndiyo. Mwanga na hii. Nitarudi nichote ingine."

Abigaïl aliutazama uso wa jirani yake, akaona kwamba angerudi kweli, na angemwagiwa tena, na angerudi tena. Akaondoa mkono.

"Kwetu ku milima," alisema, "ngombe mugonjwa tunamutengea ndoo yake. Ile ndoo tunaitia alama, mutoto asikosee akakunywa mo." Alichukua ngata yake kichwani, kitambaa chekundu alichokuwa amekiviringa kwa ajili ya kubebea mzigo, akakikunjua, akakifunga kwenye mkono wa bidoni kwa mafundo mawili. "Hii ni ya samaki. Minye najua, weye unajua. Na muntu akikunywa mo, Mama Klore, nitakuja kumwanga maji yote ya nyumba yako mpaka chai."

"Aksanti."

"Na samaki, mupe chumvi kidogo. Ngombe anapenda."

Jumamosi asubuhi samaki aliogelea. Aliogelea wima, akala chembe ya bugali, akaitema, akaila tena. Délice alipiga picha mpya, yenye nzi mpya, akaituma kabla hajaombwa.

Nyumba nzima iligeuka jikoni. Wali, maharage, na samaki wa ziwani waitwao mikeke, wa kukaanga. Na kwa sababu ya wali na maharage na kuosha sahani za kuazima, maji ya klore yaliisha kabla ya saa sita. Mama Pudentienne alikuwa anapakua chakula na kujiambia kwamba baada ya hapo angemtuma mtu kituoni. Wakati huo Frédéric alikuwa chumbani amevaa suti yake na tai yake moja, nyekundu, ya siku ya ndoa, anatafuta kitu cha kung'arishia viatu. Hakukipata chumbani. Alikipata nyuma ya nyumba: kitambaa kizuri chekundu, laini, kinaning'inia bure kwenye bidoni. Alikifungua, akachovya kwenye dawa ya viatu, akaanza na kiatu cha kulia. Kabla hajafika cha kushoto, gari lilipiga honi.

Wakwe waliingia na vumbi la bonde lote mabegani. Mbele alikuwa mzee Ngendakumana, msemaji wao, mwenye fimbo na sauti iliyohifadhiwa kwa siku kama hizi. Nyuma yake Tantine Claudette, mrefu, ndani ya imvutano, vazi la heshima la rangi ya maziwa lililofungwa begani. Mwisho Patient, aliyekuwa anatazama viatu vyake na Délice kwa zamu.

Tantine Claudette hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli, akainama. Nyumba iliacha kupumua. Samaki akamjia kwenye kioo, akafungua kinywa, akafunga.

"Imenenepa," alisema Tantine. Kisha akakohoa. Vumbi lilikuwa limemkaa kooni. "Munisamehe. Ile njia! Kwanza nipate maji."

Frédéric aliona nafasi yake ya kuwa mwenyeji. Hakutaka kumwita mke wala binti. Alitaka kumpa mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Alitoka nyuma, akatikisa bidoni ya kwanza, tupu, ya pili, tupu, ya tatu, imejaa. Akarudi nayo, akamimina glasi ikajaa hadi ukingo, akaitoa kwa mikono miwili.

Mama Pudentienne alitokea jikoni na sinia ya mikeke. Aliona kiatu kimoja kinang'aa. Aliona bidoni. Aliona mkono wa bidoni, uchi. Aliona glasi inapanda kuelekea mdomo wa shangazi wa mkwe wake.

Neno lingechelewa. Sinia aliiacha hewani, akavuka sebule, akaipiga ile glasi kwa kofi. Glasi iliruka, maji yakamwagika yote kifuani pa Tantine Claudette, juu ya imvutano ya rangi ya maziwa, na mkeke mmoja uliokaangwa vizuri ukateleza sakafuni hadi miguuni pa mzee Ngendakumana.

Ndani ya bakuli samaki alisikika akipiga mkia.

"Mama Délice," Frédéric alisema kwa sauti nyembamba, "umepiga bakwe."

Mzee Ngendakumana aliinuka, akaegemea fimbo. "Sisi tumekuja na heshima," alianza. Patient alifumba macho. Délice alikuwa ameshika ukingo wa kabati kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umeshaanza kuaga kila kitu.

"Mama, umekunywa?" Mama Pudentienne alimuuliza Tantine. "Hata kidogo? Fungua kinywa!"

"Sijakunywa. Umeniogesha."

"Mungu aksanti." Akapiga magoti palepale kwenye maji, na magoti yakiwa chini, alisema yote. Kwamba yale yalikuwa maji mabichi ya ziwa, ya samaki. Kwamba samaki hawezi klore. Kwamba yeye, Mama Klore, ndiye aliyemtilia klore mpaka akakaribia kufa. Kwamba picha zote zilikuwa ile ile moja. "Délice hana kosa. Alilia kila siku. Mukikataa, mukatae minye. Lakini ile maji, hata mungekuwa munaondoka na mutoto yangu leo, singewaacha mukunywe. Nilizika moja ju ya maji. Sitazika bakwe."

Tantine Claudette alikamua ncha ya imvutano yake, taratibu. Alilitazama bakuli, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti.

"Ni nani alijua kama ni klore?"

"Ni minye. Baada ya kumuumiza sana."

"Hm." Tantine alikamua tena. "Minye samaki yangu ya kwanza niliweka mu frigo. Ju ya joto. Niliona iko natoka jasho."

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Patient ndiye aliyeanza, akazuia, ikamtoka puani. Kisha Délice. Kisha mzee Ngendakumana aliketi tena, akiuangalia mkeke ulioko miguuni kama mjumbe ambaye hakutarajiwa.

"Inuka, mukwe," alisema Tantine Claudette. "Na hii kiu bado niko nayo."

Patient alitumwa ziwani mbio. Bidoni ilirudi, ikapita mbele ya wageni, Mama Pudentienne akavuta dawa kwa sirinji, akaiingiza.

"Sasa?" aliuliza mzee Ngendakumana, akisafisha koo.

"Sasa mungoje nusu saa."

"Mama, mimi siwezi kusema maneno ya mahari na koo kavu. Haifanyike."

"Basi maneno nayo ingoje," alisema Tantine.

Wakangoja. Mzee alishika fimbo, Patient na Délice walitazamana kupitia bakuli, kila mmoja akimwona mwenzake na macho makubwa ya samaki. Frédéric alikuwa ameshika kitambaa cha Abigaïl, sasa cheusi kama makaa, akikigeuza huku na huku. Bidoni ya samaki ilikuwa katikati ya sebule, haina alama, na watu sita wenye kiu waliizunguka.

Frédéric alisimama. Alilegeza tai yake, ile moja, ya siku ya ndoa, akaivua kichwani, akapiga magoti na kuifunga kwenye mkono wa bidoni. Aliivuta fundo likakaa sawa katikati, akarudi kuketi, shati wazi shingoni, kiatu kimoja kinang'aa.

Mzee Ngendakumana aliitazama ile bidoni muda mrefu, jinsi ilivyokaa na tai yake katikati ya wakubwa.

"Na huyu," aliuliza, "ni wa upande wetu au wa upande wenu?"